Somo: Mashine ya tupa ya kujitengenezea nyumbani

Aliyewahi kupiga tupa tundu la mraba kwenye bamba la mm 10 anajua mkono unavyouma kesho yake. Grenda haiingii humo, na drili inaacha kona za duara. Mashine ya tupa inasimamisha tupa wima katikati ya meza, ikipanda na kushuka. Wewe kazi yako ni kusogeza chuma. Wamarekani walizitumia sana kuchonga kalibu, na zile za kampuni ya Oliver ya Adrian, Michigan, bado zinatafutwa. Mimi nimezunguka kwenye skrepa za mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, hadi nikachoka, nikaunda yangu.

Hatua ya 1. Mota ya wati 180, mizunguko 1,440 kwa dakika. Puli ya mm 50 kwenye mota, ya mm 250 kwenye mashine: unabaki na mipigo 288 hivi kwa dakika. Usishawishike kufunga jigi soo (msumeno wa umeme wa kupanda na kushuka) kichwa chini chini ya meza. Nyingi zinafika mipigo 3,000. Kwenye chuma, tupa inachemka na meno yanaisha kabla chai yako haijapoa.

Hatua ya 2. Funga sahani ya chuma kwenye shafti ya puli kubwa, uweke pini mm 12.5 kutoka katikati. Pini iingie kwenye mfereji uliolala, uliochongwa kwenye kipande kilichochomelewa kwenye fimbo ya wima. Hapo tupa inatembea mm 25. Pini ivalishe beringi ndogo, la sivyo baada ya wiki mashine itagonga kama kinu.

Hatua ya 3. Fimbo ya wima iwe ya mm 16, ipande na kushuka ndani ya bushi mbili za shaba. Hapa usibane hela, wape wenye mashine ya kukereza.

Hatua ya 4. Meza ni bamba la mm 10 lenye tundu la kupitisha tupa. Pima kwa guni (kipimo cha pembe mraba) mbele na ubavuni kama tupa imesimama wima, kisha ndiyo ukaze bolti.

Hatua ya 5, iliyoniumbua. Tupa ya mkono inakata ikisukumwa kuelekea nchani. Ukibana mkia wake (upande unaoingia kwenye mpini) chini, kwenye fimbo, itakata ikipanda, na kazi (chuma unachochonga) inanyanyuka nayo. Yangu iliruka ikanigonga kidevuni. Kata mkia, geuza tupa, bana ncha chini ili ikate ikishuka. Wakati wa kukata mkia, chovya tupa kwenye maji kila mara. Ikigeuka buluu, ugumu umekwenda.

Maswali ya wanachama

– Mkuu, tupa yangu inajizungusha yenyewe ikifanya kazi. Nimekosea wapi?
Mfereji hauzuii fimbo kuzunguka. Chomelea mkono mfupi kwenye fimbo, uteleze kwenye fito ya pili iliyosimama sambamba.

– Tupa ndogo za sonara je? Ukizigeuza, ncha ni nyembamba, haibaniki.
Kweli. Hizo bana mkia chini, zikate zikipanda, ila weka kidole cha chuma juu ya meza kikandamize kazi. Na sukuma kidogo kidogo, zinavunjika upesi.

– Aluminiamu inaziba meno, fundi.
Paka chaki kabla ya kuanza, safisha kwa brashi ya waya. Mota izimwe kwanza, tafadhali.