Zawadi ya Chuseok au Seollal kwa bosi wako Korea: mwongozo kwa mwalimu mgeni

Ikikaribia Chuseok, sikukuu ya mavuno, maduka makubwa ya Korea kama E-Mart hubadilika sura. Pale mlangoni palipokuwa na mafeni na mabwawa ya plastiki ya watoto panajaa masanduku: makopo ya Spam, nyama ya nguruwe iliyosindikwa, yamepangwa kwenye kasha, chupa za mafuta ya kupikia, tuna, shampuu na dawa ya meno. Wahudumu wanakuita kutoka kila upande. Na wewe, mwalimu mgeni, unajiuliza: nimchukulie mkuu wa shule sanduku moja? Nikimpa, wenzangu watasema najipendekeza? Nisipompa, nitaonekana sina adabu?

Sisi tumekuzwa tukijua mkono mtupu haulambwi. Tunajua pia "chai" ya bosi huanzia wapi na huishia wapi. Wakorea nao wanazijua habari hizo vizuri, ndiyo maana wamezitungia sheria. Kwa hiyo kabla ya kuingia dukani, anzia hapo.

Hatua ya 1: Jua kazini kwako ni upande gani wa sheria

Tangu tarehe 28 Septemba 2016 ipo sheria ya kuzuia hongo ambayo kila mtu anaiita Sheria ya Kim Young-ran. Huyo ni jaji mwanamke wa kwanza wa Mahakama ya Juu ya Korea, ambaye baadaye aliongoza tume ya kupambana na rushwa na ndiye aliyelianzisha wazo hilo. Sheria inawagusa watumishi wa umma, waandishi wa habari, na wafanyakazi wa shule zote, za serikali na za binafsi, kuanzia chekechea hadi chuo kikuu. Kama umekuja kupitia EPIK, mpango wa serikali wa kuleta walimu wa Kiingereza, au unafundisha chuo kikuu kama wale wenzetu wanaofundisha Kiswahili pale Hankuk, bosi wako yumo ndani.

Hagwon, yaani vile vituo vya tuisheni, ni biashara ya mtu. Mwenye hagwon haguswi na sheria hii. Hapo mnaongozwa na desturi tu na mfuko wako.

Kwa walio ndani, zawadi ya kawaida isizidi won 50,000. Mazao ya shamba na ya bahari, pamoja na vitu vilivyotengenezwa hasa kwa mazao hayo, yamepewa nafasi kubwa zaidi: tangu Agosti 2023 ni hadi won 150,000, na msimu wa Chuseok na wa Seollal, mwaka mpya wa kalenda ya mwezi, hupanda hadi 300,000. Bahasha ya pesa na vocha zinazotumika kama pesa hazimo kabisa.

Usifurahie haraka hivyo viwango. Vinahusu zawadi ambazo tayari zinaruhusiwa. Mtu anayepima kazi yako, katika kipindi anachoipima, hatakiwi kupokea chochote kutoka kwako, hata kiwe cha bei ya pipi. Ni mantiki ileile inayomzuia mzazi kumnunulia mwalimu wa mwanawe kikombe cha kahawa, na inayofanya Siku ya Walimu, tarehe 15 Mei, ua la karnesheni likabidhiwe na mwakilishi wa wanafunzi mbele ya watu wote. Bosi kumpa aliye chini yake si tatizo. Mkuu wa shule akikupa sanduku, pokea, shukuru, wala usihangaike kulipa.

Hatua ya 2: Soma kalenda ya mkataba wako

Chuseok huangukia siku ya 15 ya mwezi wa 8 wa kalenda ya mwezi. Mwaka 2026 ni tarehe 25 Septemba. Walimu wa EPIK wanaoingia mwishoni mwa Agosti hata hawajaujua vizuri mlango wa choo cha walimu, na hakuna anayetarajia waje na chochote. Ukiwa mgeni kiasi hicho, nenda moja kwa moja kwenye zawadi ya ofisi nzima, nitakayoieleza hivi punde.

Seollal ndiyo yenye mtego. Mwaka 2026 ni tarehe 17 Februari. Wakati huo shule nyingi ziko likizo ya baridi, mwaka mpya wa masomo unaanza Machi, na wakuu wengi wako mbioni kuhamishwa. Masuala ya kuongeza mikataba nayo hujadiliwa miezi kadhaa kabla mkataba haujaisha. Fomu yako ikiwa mezani kwa naibu mkuu, usimpelekee kitu chake peke yake. Hata yeye utamweka pabaya: mtumishi akipewa zawadi isiyoruhusiwa anatakiwa airudishe na atoe taarifa kwa maandishi, na hapo tayari umemtwisha kazi ya karatasi wiki ya sikukuu.

Hatua ya 3: Panga nani anapokea nini

Hapa ndipo wengi hukwama, kwa sababu wanaanza na sanduku badala ya kuanza na watu.

Shuleni kuna ngazi, na kila mtu anaijua yake: gyojang, mkuu wa shule, gyogam, naibu wake, ambaye kwa kweli ndiye anayeendesha mambo ya kila siku, wale bujang wanaoongoza idara, kisha walimu wengine. Pembeni kuna haengjeongsil, ofisi ya utawala, yenye mkuu wake. Hawa ndio wanaolipa mshahara wako na kushughulikia kodi ya nyumba yako, na ndio wageni huwasahau kuliko wote. Ukimpa wa katikati ukamruka wa juu yake, jambo litaonekana kabla jioni haijafika.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa anayefundisha shule ni mmoja: usimpe bosi, lipe chumba. Sanduku moja gyomusil, chumba cha walimu, jingine haengjeongsil. Mkuu wa shule atapata sehemu yake kama wengine, naibu wake vilevile, na hakuna atakayeuliza kwa nini.

Ofisi nzima uipe nini? Kitu kinachogawika na kisichohitaji kisu wala sahani. Duka la tteok, keki za mchele, litakufungia kipande kimoja kimoja ukiagiza mapema. Msimu wa Seollal, boksi la machungwa madogo ya kisiwa cha Jeju, yale yanayoitwa gyul, linamalizika kabla ya saa sita. Boksi la chupa kumi za Bacchus au Vita500, vinywaji vidogo vya nguvu na vitamini, ndicho kitu ambacho Mkorea mwenyewe hushika mkononi anapokwenda kumwona mtu. Hakuna anayeshangaa ukija nalo.

Mimi napendelea kahawa. Jina la Kenya AA limo kwenye orodha za mikahawa mingi ya Korea, na Kilimanjaro nayo inafahamika, kwa hiyo ukisema hii inatoka kwetu, watu wanajua unaongelea nini. Beba iliyokwisha kukaangwa na kusagwa, au bora zaidi nunua Korea ile ya vifuko vidogo vya kuning'iniza kwenye kikombe: anamimina maji ya moto, basi. Bandika kikaratasi chenye jina lako na nchi. Nyama na matunda mabichi usijaribu kuyaingiza kutoka nyumbani. Forodha watakaa nayo wao.

Mwalimu mwenza, yule aliyekupeleka benki na uhamiaji, kwa kawaida si bosi wako. Mpe kitu kidogo cha kwake ukipenda, lakini kama yumo kati ya wanaojaza fomu yako ya tathmini, msubirishe mpaka fomu ipite.

Hatua ya 4: Kwa walio hagwon, chagua sanduku

Wonjang, mwenye hagwon, unaweza kumpa zawadi yake mwenyewe. Won 30,000 hadi 40,000 zinatosha. Ukizidisha sana utamfanya ajione ana deni, naye atalilipa kwa kitu ambacho hukukitaka, pengine darasa la Jumamosi analokuonea aibu kukunyima.

Spam usiicheke. Iliingia na jeshi la Marekani wakati wa Vita vya Korea, ikaanza kutengenezwa hukohuko mwaka 1987, na leo sanduku lake ni zawadi ya heshima kabisa. Tatizo ni kwamba wonjang atapata kadhaa kutoka kwa watu wengine. Shampuu na dawa ya meno ni vitu ambavyo kampuni huwagawia wafanyakazi. Kumpa bosi ni kama umegeuza ngazi. Ginseng nyekundu, mzizi wa tiba, inapendwa na wazee, ila bei yake ni kali na asiyejua dawa anazotumia mtu asimchagulie. Nyama ya hanwoo, ng'ombe wa Kikorea, waachie wenye makampuni.

Kwa Mwislamu asiyetaka kushika nguruwe, au bosi Mbudha asiyekula nyama, nafasi ni pana: gim, yaani mwani mkavu, pamoja na mafuta ya ufuta, asali, karanga na korosho, matofaa na mapeasi ya Chuseok. Mimi ningechukua mapeasi. Ni ya msimu, yanawekwa hata kwenye meza ya matambiko ya mababu, na hayakai kabatini mpaka mwakani.

Dukani, angalia vibao vya 1+1 na 10+1: ukinunua kumi unapewa la kumi na moja bure, kwa hiyo tafuta wenzako mnunue pamoja. Fungua kifuniko cha sanduku la matunda, linuse la pembeni, ligeuze uone upande wa chini. Kisha omba mfuko wake. Kila sanduku lina mfuko wake wa karatasi unaofanana nalo, na muuzaji akiwa na haraka husahau kukupa. Sanduku lisilo na mfuko wake linaonekana limepita mikono mingine kabla yako. Bandua kibandiko cha bei. Ukiona lililofungwa kwa bojagi, kitambaa chenye fundo juu, usilifungue kukagua, hutaliweza tena fundo lile.

Kwa sababu ya imani za mkosi, epuka vitu vilivyo vinne, visu, mikasi na viatu. Jina la mtu usiliandike kwa wino mwekundu.

Hatua ya 5: Kabidhi

Peleka siku mbili tatu kabla ya likizo. Siku ya mwisho kila mtu anawaza foleni ya barabarani kwenda kwao, na kampuni za kusafirisha vifurushi huwa zimekwisha kufunga kupokea mizigo.

Mikono miwili, kichwa kiiname kidogo, mwite kwa cheo chake: wonjangnim, gyogam seonsaengnim. Chuseok unasema "Chuseok jal bonaeseyo". Seollal, "Saehae bok mani badeuseyo". Atakataa mara ya kwanza, labda na ya pili, huku anatabasamu na mikono iko karibu na sanduku. Hiyo ni adabu, msogezee tena. Lakini akirudi nyuma, akapunga viganja na kulitaja jina la Kim Young-ran, sanduku lirudi na wewe palepale, bila kubembeleza. Akipokea hatalifungua mbele yako, na wewe usimwambie afungue. Picha ya kurusha mtandaoni, hapana.

Na ukipewa wewe sanduku la Spam na huli? Pokea kwa mikono miwili. Mlinzi wa jengo lako atalifurahia. Au liweke Danggeun, soko la mtandaoni la mtaani, ambako kila baada ya sikukuu masanduku ambayo hayajafunguliwa hujazana kwa bei ya chini. Ya kula nyumbani nunua huko; ya bosi, nenda dukani.