SOMO: Jinsi ya kumsaidia mgeni wa ROS mpaka roboti yake itembee, na wewe usichoke

Wakuu habari za saa hizi. Kuna wadau wameniomba niandike hili maana grupu limejaa, swali ni lilelile kila siku, wanaojibu ni watu watatu wanne na nao wameshaanza kununa, mgeni akiuliza anaambiwa "si utafute Google". Mimi nimejibu maswali ya ROS muda sasa na ninachokiona ni kwamba ujuzi tunao, ila tunakimbilia kutoa dawa bila kupima.

Kwa waliofika leo: ROS (Robot Operating System) ni programu huria ya kuendeshea roboti, chimbuko lake ni Marekani, Willow Garage ndio waliikuza kuanzia 2007. Jina lisikuchanganye, inakaa juu ya Ubuntu, sio badala yake. Haya twende.

Hatua ya 1: uliza toleo kabla hujafungua mdomo

Mtu akisema "ROS yangu haifanyi kazi" bado hajasema kitu. Matoleo ya ROS yana majina: Humble inaenda na Ubuntu 22.04, Jazzy na 24.04, hizo ni ROS 2; Noetic na 20.04. Noetic ni ROS 1 na usapoti wake uliisha Mei 2025, ila wapo wanaoitumia bado kwa sababu roboti waliyoikuta maabara ilikuja nayo, msiwacheke. Shida inakuja pale mtu wa Jazzy anapopewa jibu la `catkin_make`, komandi ya kubildi (kujenga programu) ya ROS 1, atahangaika wiki nzima maana ROS 2 tunatumia `colcon build`. Na Google inachangia sana hapa, majibu kibao inayoleta ni ya enzi za ROS 1, ya ile answers.ros.org iliyoacha kupokea maswali mapya 2023 watu wakahamia Robotics Stack Exchange. Kwa hiyo ukitoa jibu andika toleo juu kabisa, hata kama unaona linajulikana.

Hatua ya 2: maandishi, sio picha

Hii inaniuma kweli. Mtu anapiga picha skrini kwa simu, imepinda, mwanga wa dirisha umemeza nusu, na imeshika mistari mitatu ya mwisho wakati kosa lenyewe liko huko juu mistari arobaini nyuma. Mwambie kwa upole akopi yote kuanzia alipobonyeza enter. Halafu aendeshe `ros2 doctor --report` na apesti majibu, humo utapata toleo, mtandao na topiki (njia ambazo programu za roboti zinapitishiana data) bila kumuuliza maswali kumi.

Hatua ya 3: anza na makosa ya kizembe, hata mabingwa wanayafanya

"Package not found" mara nyingi ni terminali mpya ambayo haijafanyiwa `source`, yaani haijasomeshwa faili la mipangilio ya ROS. Ile ya `/opt/ros/humble/setup.bash` wanaikumbuka, wanayosahau ni `install/setup.bash` ya kwao wenyewe baada ya kubildi.

Nyingine ni domeni, ile namba inayoamua kompyuta zipi zisikilizane. Siku moja tulikuwa na mafunzo, watu wote wifi moja, kijana mmoja ananiita anasema kasa wa turtlesim (programu ya mazoezi, kasa wa kwenye skrini) anatembea peke yake, anajigonga ukutani yeye hajagusa kibodi. Tukaangaliana. Kumbe wa meza ya nyuma ndio anabonyeza mishale, hajui kama kasa wa mwenzake naye anamsikia! Wote `ROS_DOMAIN_ID` ilikuwa 0, ndio inavyokuja, kwa hiyo kompyuta zote zilikuwa zinasikilizana. Kila mtu akapewa namba yake, basi, kasa wakatulia.

Hatua ya 4: kama roboti huna, omba rekodi

Huwezi kuwa na kila roboti. Mwambie arekodi sekunde kumi: `ros2 bag record /scan /tf /tf_static` (/scan ni vipimo vya laida, kihisi cha umbali cha leza; /tf ni mahali sehemu za roboti zilipo), akutumie, uicheze kwako uone anachokiona yeye. Topiki za kamera aziache nje, faili litakuwa zito na bando la mtu ni pesa.

Hatua ya 5: likiisha, liandikwe

Aliyesaidiwa ndiye aandike, sio wewe. Mistari mitano inatosha. Na kama maelezo rasmi ya docs.ros.org ndio yamempoteza, kuna kitufe cha kuhariri kinachompeleka GitHub, apeleke sahihisho. Mgeni ndiye anayeona shimo, sisi tumeshazoea kuliruka.

MASWALI YA WADAU

Swali: Mkuu shukrani kwa somo. Sasa mtu akikataa kutoa hizo taarifa, anataka jibu tu, tufanyeje?

Jibu: Muulize mara mbili, ya tatu muache. Usimtukane. Wengi hawakatai, hawajui tu wazipate wapi, ndio maana mpe komandi kabisa, usimwambie "lete logi".

Swali: Naomba kuuliza, tujibu kwa Kiswahili au Kiingereza? Mimi Kiingereza kinanipa shida kidogo.

Jibu: Maelezo Kiswahili, ujumbe wa kosa uache ulivyo herufi kwa herufi. Ukiutafsiri hakuna atakayeupata akiutafuta.

Swali: Kaka laida yangu haionekani kwenye RViz, ile programu ya kuonyesha data ya roboti, msaada tafadhali

Jibu: 😂 Ndugu yangu somo lote hilo umeruka? Haya, toleo gani, na ukiandika `ros2 topic echo /scan` namba zinatiririka?

Swali: Samahani mkuu. Humble, Ubuntu 22.04. Zinatiririka vizuri tu ndio maana nimechanganyikiwa, RViz ndio tupu.

Jibu: Leta `ros2 topic info /scan --verbose`.

Swali: Kwa anayetuma imeandika BEST_EFFORT, kwa rviz RELIABLE.

Jibu: Umeipata. Laida inatuma kwa mtindo wa "ikifika imefika", RViz inadai uhakika, kwa hiyo hawaunganishwi kabisa. Echo ilikudanganya kwa sababu yenyewe inajilinganisha na mtumaji. Kwenye RViz fungua LaserScan, Topic, Reliability Policy, weka Best Effort.

Swali: IMETOKEA!! Siku tatu nahangaika, nimeinstoli upya mara mbili 😭

Jibu: Hongera. Sasa hatua ya 5 inakuhusu.

Swali: Nianzeje mkuu?

Jibu: Kichwa hiki hapa, mengine malizia: "Humble, Ubuntu 22.04: /scan inasomeka kwenye terminali, RViz tupu".