Mkono uliovimba baada ya tezi za kwapa kuondolewa: anzia shingoni, si palipovimba

Wengi wanaonijia wakiwa na mkono uliovimba baada ya upasuaji wa saratani ya titi wamekuwa wakiuchua palepale palipovimba, kwa mafuta na kwa nguvu, mpaka ngozi inaiva. Nilimpokea mama mmoja aliyechuliwa hivyo na binti yake kila jioni kwa wiki tatu, kwa mapenzi yote, na kila asubuhi mkono ulikuwa umejaa zaidi. Nia yao ilikuwa njema kabisa, ila walikuwa wakiyasukuma maji kwenda mahali ambako njia ilikuwa bado haijafunguliwa.

Kutiririsha limfu, yaani maji yanayovuja kutoka kwenye damu, kwa mikono ni kitu tofauti na kuchua au kukanda. Damu inapopita kwenye vishipa vyembamba, sehemu ya maji yake huvujia katikati ya seli. Mengi ya maji hayo, lita kadhaa kwa siku, hurudishwa na mishipa ya limfu, yakiwa yamebeba protini na mabaki mengine. Njiani hupita kwenye tezi zinazochuja vijidudu: tuna mamia ya tezi hizo mwilini, nyingi zikiwa shingoni, kwapani, tumboni na kinenani. Safari yote huishia nyuma ya mitulinga, pale limfu inapomwagika ndani ya vena. Tezi za kwapa zikitolewa, au zikiunguzwa na mionzi, njia ya mkono hubana na maji hubaki nyuma.

Vishipa vidogo kabisa vya limfu viko chini tu ya ngozi, na kuta zake zimeshikiliwa na nyuzi laini. Ngozi ikivutika, nyuzi huvutika nayo, vijilango hufunguka na maji huingia. Ukigandamiza kwa nguvu, vishipa hulala bapa na hakuna kinachopita. Emil Vodder na mkewe Estrid, Wadenmark waliokuwa wakifanya kazi kusini mwa Ufaransa, ndio walioibuni njia hii ya mikono myepesi na kuionyesha Paris mwaka 1936. Baadaye, huko Ujerumani, Michael Földi na mkewe Ethel waliifungamanisha na bendeji, mazoezi na utunzaji wa ngozi. Mpaka leo hivyo vinne hutembea pamoja.

Kabla hujagusa popote

Usifanye zoezi hili kama mkono ni mwekundu, una joto na unauma, au una homa. Hayo ni maambukizi ya ngozi. Nenda hospitali siku hiyohiyo, maana antibiotiki ikichelewa uvimbe huwa mbaya zaidi. Usifanye pia kama una donge la damu kwenye vena, au moyo au figo zako zimeshindwa kazi, kwa sababu maji yote unayoyatoa mkononi yanarudi kwenye damu na moyo ndio utakaoyabeba. Mkono ukivimba ghafla, au kama hujawahi kuambiwa na daktari kwamba uvimbe wako ni wa limfu, huu si wakati wa kujitibu. Na kama ngozi bado ina vidonda vya mionzi, subiri ipone.

Hatua ya 1: Pima

Chukua futi ya fundi cherehani. Weka alama ya kalamu kwenye kifundo cha mkono, kisha kila sentimita 10 ukipanda mpaka karibu na kwapa. Pima mikono yote miwili, saa ileile ya siku, na uandike. Tofauti ya sentimita 2 mahali pamoja inatosha kumwona mtaalamu.

Hatua ya 2: Pumua kwa tumbo

Vua pete na saa. Lala chali, mkono uliovimba uegemee juu ya mto. Vuta pumzi taratibu kwa pua mpaka tumbo liinuke, kisha itoe kwa mdomo. Fanya hivyo mara 5. Mfereji mkuu wa limfu hupanda kupitia tumboni na kifuani, na kila pumzi ndefu huukamua.

Hatua ya 3: Ujue uzito wa mguso wako

Usiiruke hatua hii hata kama una haraka. Bila mafuta, weka vidole viwili bapa juu ya mgongo wa mkono usiovimba. Vipeleke upande mmoja bila kuteleza, ngozi ifuatane navyo, mpaka ikatae yenyewe. Simama hapo. Ukihisi mfupa au misuli, umezidisha. Ngozi ikibaki nyekundu, umezidisha sana. Uzito unaofaa ni ule unaotumia kupapasa ukope wa mtoto aliyelala. Sasa achia kabisa, uiache ngozi irudi yenyewe. Kule kurudi ni nusu ya kazi, kwa hiyo usiikimbize: kila mvuto na mwachio uchukue kama sekunde 3.

Hatua ya 4: Fungua shingo

Weka vidole bapa kwenye vishimo vilivyo juu tu ya mitulinga, mkono mmoja kila upande au upande mmoja kwa zamu. Vuta ngozi kuelekea chini na katikati, achia. Mara 10 hadi 15. Hapa ndipo mlango wa kutokea. Ukiacha umefungwa, yote yanayofuata ni kusukuma maji kwenye ukuta. Kama tezi yako ya thairoidi inafanya kazi kupita kiasi, au una matatizo ya mishipa mikubwa ya shingo, usiguse shingo mpaka daktari akuruhusu.

Hatua ya 5: Andaa pa kupokelea

Weka kiganja chote kwapani upande usiovimba, vuta ngozi kuelekea juu na ndani, mara 10 hadi 15. Kisha nenda kwenye kinena cha upande uliovimba, fanya vilevile kuelekea juu.

Hatua ya 6: Pita kifuani

Kwa kiganja bapa, isogeze ngozi ya kifua kidogo kidogo kutoka upande uliofanyiwa upasuaji mpaka kwapa la pili, ukipita juu ya matiti au juu ya kovu kwa wepesi ikiwa limeshapona. Kisha shuka ubavuni, kutoka kwapa lenye tatizo mpaka kinenani. Rudia kila njia mara 5. Siku hizi picha za indosianini, rangi inayodungwa chini ya ngozi ili njia za limfu zionekane, zimeonyesha kwamba kwa wagonjwa wengi baadhi ya limfu bado hupita kwenye kwapa lilelile lililopasuliwa, kwa hiyo usiliruke. Lipe mivuto michache. Mtu akikupiga picha hizo, fuata njia ya mwili wako, si ramani yangu.

Hatua ya 7: Sasa ndiyo mkono

Anzia begani, si vidoleni. Vuta ngozi ya bega kuelekea shingoni. Shuka kwenye mkono wa juu, ukiitoa ngozi ya upande wa ndani kuelekea nje na juu. Kila kipande mara 5, kisha uyapeleke maji mpaka begani kabla ya kushuka tena. Halafu kiwiko, halafu sehemu iliyo chini ya kiwiko, kifundo, mgongo wa mkono, na mwisho kila kidole. Yaani unafungua njia kwa kushuka, lakini kila mvuto wenyewe unaelekea juu. Ukimaliza vidole, panda na maji taratibu mpaka begani, upite kifuani, umalizie shingoni mara 5. Zoezi zima ni dakika 20 hadi 30.

Hatua ya 8: Bana

Paka ngozi losheni isiyo na manukato, subiri ikauke, kisha vaa soksi ya mkono au bendeji uliyopimiwa. Hapa naomba unisikilize: mikono peke yake hushusha uvimbe kidogo tu, na bila kubanwa maji hurudi ndani ya saa chache. Ukiwa umevaa, kunja na kunjua ngumi mara 20, inua mkono, zungusha bega, kwa sababu misuli inayojikaza chini ya bendeji hufanya kazi kubwa kuliko vidole vyangu.

Utasikia kwamba zoezi hili linasafisha sumu mwilini au linapunguza mafuta. Halifanyi hayo, na mkono ambao tishu yake imeshageuka ngumu au mafuta utahitaji matibabu mengine.

Yule mama alirudi baada ya siku 10 akaninyooshea mkono kabla hata hatujapima. Mikunjo ya vifundo vya vidole ilikuwa imerudi kwenye ngozi, midogo midogo, na binti yake ndiye aliyekuwa ameiona kwanza. Itafute hiyo kwako, kwani mara nyingi hutangulia futi. Pima tena kila baada ya siku 7 kwenye alama zilezile, na namba zisiposhuka kwa wiki 4 nenda kwa mtaalamu wa limfu: huenda unahitaji bendeji za tabaka nyingi kila siku kwa majuma kadhaa kabla soksi haijaweza kuushika mkono.