Hotuba ya dakika 6 ndani ya kipindi cha dakika 40

Hotuba ya TED, shirika linaloweka hotuba fupi za video mtandaoni, kwa kawaida haivuki dakika 18, lakini hata hizo ni nyingi mno kwa darasa la wanafunzi 80 na spika moja. Tafuta fupi. Kwa Fizikia, hotuba za William Kamkwamba wa Malawi zinafaa sana: alipanda jukwaani Arusha mwaka 2007, kisha Oxford mwaka 2009, na zote mbili hazifiki dakika 7. Anaeleza alivyounda kinu cha upepo kwa feni ya trekta, mabomba ya plastiki, fremu ya baiskeli na dainamo. Mwanafunzi wa Arua au Mbale, Uganda, anavijua vifaa hivyo vyote, kwa hiyo somo halimpiti kando.

Usitegemee intaneti ya shuleni. Pakua video siku iliyotangulia, ikiwa MP4 ya 480p. Kwa megabiti 1 kwa sekunde, dakika 6 ni kama MB 45. Picha kali zaidi inamaliza bando bure, maana kwenye ukuta wenye mwanga hakuna atakayeona tofauti. Kama kuna manukuu, yapakue kama faili la SRT (faili la maandishi la manukuu), ulipe jina lile lile la video na uyaweke kwenye folda moja; VLC, programu ya kuchezea video, itayaonyesha yenyewe. Yakitangulia sauti au yakichelewa, bonyeza G au H mpaka yalingane. Ya Kiswahili huandikwa na wafasiri wa kujitolea, kwa hiyo yasome mapema, hasa istilahi za sayansi.

Umeme ukikatika, piga hesabu kabla ya kuahidi. Betri ya risasi ya 12V, 100Ah ina Wh 1,200, na ni salama kutumia nusu tu. Projekta ya W 250 na laptop ya W 60 zitaimaliza nusu hiyo kwa kama saa moja na nusu, ukihesabu na kinachopotea kwenye inverta.

Kipindi kikianza, usiwashe video. Chora dainamo ubaoni, kisha kila mmoja aandike daftarini: kipi kinazunguka, na umeme unatoka wapi? Hapo ndipo uicheze. Simamisha kinu kinapoonekana, wataje mabadiliko ya nishati toka upepo hadi taa, halafu endelea. Ukizima projekta na kuuliza “Mmejifunza nini?”, darasa zima litaitikia “Tusikate tamaa!” na Fizikia itakuwa imepotea. Uliza swali lenye jibu moja: kwa nini taa hufifia upepo unapopungua?

Dakika 15 za mwisho ni za dainamo halisi ya baiskeli. Nyingi ni za 6V na 3W, kwa hiyo tafuta balbu ya 6V. Ya gari ya 12V itawaka kwa kufifia, au isiwake kabisa, na wanafunzi watadhani dainamo imekufa. Waya mmoja shika kwenye ncha ya dainamo, wa pili kwenye mwili wake wa chuma, mahali palipokwanguliwa rangi. Ukipima kwa mita, iweke kwenye mkondo geu (AC). Ikiwa kwenye mkondo mnyoofu (DC) itasoma karibu sifuri ilhali balbu inawaka, na hilo peke yake linatosha kuanzisha mjadala wa kwa nini simu haichajiwi moja kwa moja kutoka kwenye dainamo.

Shule yenye chumba cha kompyuta inaweza kuongeza maonyesho ya PhET (majaribio ya sayansi ya kwenye skrini), ya Chuo Kikuu cha Colorado Boulder: mengi ni faili la HTML linalofunguka kwenye kivinjari bila intaneti. Kolibri, programu ya masomo bila intaneti, nayo huifanya laptop moja kuwa seva, na kompyuta nyingine huifikia kupitia ruta isiyo na bando.

Kuhusu leseni, bure si sawa na huria. Hotuba za TED ziko chini ya CC BY-NC-ND, leseni ya Creative Commons inayotaka utaje chanzo, usifanye biashara na usibadilishe kazi: kuonyesha darasani ni ruksa, kuuza tiketi hapana, na kuikata video au kuiwekea sauti ya Kiganda kisha kuisambaza ni kuvunja masharti. Kumweleza mwanafunzi kwa mdomo hakukatazwi. Ukitaka maandishi ya kutafsiri na kuchapa, nenda African Storybook, tovuti ya hadithi za watoto. Hadithi zake nyingi zina CC BY, inayoruhusu kutafsiri na kuchapa, mradi uache majina ya mwandishi na mchoraji mahali pake.