Ukimhoji mzee kuhusu Uhuru, usianze na Uhuru

Nafundisha historia sekondari ya kata, nje kidogo ya mji wa Iringa. Kila mwaka nawatuma wanafunzi wakawaulize wazee: kabla ya Uhuru wa Tanganyika, 9 Desemba 1961, mlikuwa mnaonaje habari ya kujitawala? Miaka miwili ya mwanzo madaftari yote yalirudi na jibu moja, "tulifurahi sana, tukacheza ngoma." Nchi nzima mdomo mmoja! Kosa lilikuwa langu, maana sikuwa nimewafundisha kuuliza.

Kwanza piga hesabu ya umri. Aliyekuwa na miaka 20 wakati wa Uhuru alizaliwa 1941. Ukimpata wa 1950, anayokusimulia ya 1958 ni ya mtoto wa miaka minane, au ni ya baba yake. Yaandike, na umri wake uuandike pembeni.

Mwaka usimtajie. Huku kwetu wazee wanahesabu kwa "fuvu lilipoletwa", yaani Juni 1954, Gavana Twining wa Waingereza alipolikabidhi pale Kalenga fuvu la Mkwawa, mtemi wa Wahehe, lililokuwa limechukuliwa na Wajerumani. TANU, chama kilichodai Uhuru, ilizaliwa Dar es Salaam mwezi uliofuata, tarehe 7 Julai. Basi ukishaamkia, kamwene ya Kihehe na shikamoo yake, muulize: babu, fuvu linaletwa, ulikuwa bado unachunga au umeshaoa? Akishajiona alipokuwa amesimama siku ile, mengine atayafuata mwenyewe.

Sasa swali lenyewe. Neno "maoni" liache shuleni. Ukilitumia, mzee anakaa sawa, anakohoa, anakupa hotuba ya redio. Uliza vitu vilivyomgusa mfukoni na nyumbani. Kodi ya kichwa mlidhani itaondoka? Jumbe, yule mkubwa wa kijiji aliyewekwa na serikali ya kikoloni, mlidhani atabaki? Aliyekuwa kibarua kwenye tumbaku ya Wagiriki au chai ya Mufindi muulize: ulidhani mzungu akiondoka mshahara atalipa nani? Hapo ndipo hofu inapotoka, na hofu nayo ni sehemu ya jibu. Kuhusu Adam Sapi, aliyekuwa chifu wa Wahehe, uliza walidhani nafasi yake itakuwa ipi, kisha nyamaza. Usimtangulie kwa kumkumbusha kwamba mwaka 1962 alikuja kuwa Spika wa Bunge, maana atakujibu kama mtu aliyeshajua mwisho wa hadithi.

Bibi mmoja alikuwa anapepeta maharage tulipomkuta. Mwanafunzi wangu akamuuliza kama alivyofundishwa: mlisikiaje kwanza? Ungo ukasimama. "Mume wangu alitoka mnadani akasema Uhuru unakuja. Nikamuuliza, unakuja na nani? Maana nilitaka kujua nipike kiasi gani." Akacheka mpaka machozi, akarudi kwenye maharage yake. Sentensi hiyo moja naipenda kuliko madaftari yote ya miaka ile miwili. Wala usiwaache akina bibi mpaka mwisho, kama wanafunzi wangu wanavyopenda kufanya.

Habari ya kura inataka uangalifu. Wengi watakwambia walipiga kura ya Uhuru. Uchaguzi wa 1958 na 1959, ule wa "kura tatu", ulikuwa na masharti: uwe umesoma hadi darasa la nane, au uwe na kipato cha paundi 150 kwa mwaka, au uwe na cheo fulani. Tena ulilazimika kuchagua watu watatu, Mwafrika, Mwasia na Mzungu. Agosti 1960 TANU ilichukua viti 70 kati ya 71 vya Baraza la Kutunga Sheria, na vingi vilipita bila kupingwa, hivyo sehemu nyingi hapakuwa na kura ya kupiga. Mara nyingi mzee anaikumbuka ile ya urais ya Novemba 1962, Nyerere akishindana na Mtemvu. Usimbishie. Muulize tu: kwenye karatasi walikuwa watu wangapi? Akisema wawili, umeshajua.

Mambo ya vifaa ni machache. Masika usirekodi chini ya bati. Nina saa nzima ya mzee mmoja ambayo ni mvua tupu. Simu iweke juu ya gunia au kanga iliyokunjwa, meza inagonga. Na akiwepo kijana mwenye cheo chochote pale kijijini, rudi siku nyingine. Niliwahi kumhoji babu mbele ya mjukuu wake wa namna hiyo nikaambulia salamu za kichama.

Baada ya wiki rudi umsomee ulichoandika. Babu mmoja alisikiliza mpaka pale tulipoandika "nilifurahi", akainua mkono. "Hapo andika nilinyamaza. Kufurahi kulikuja baadaye, nilipoona jumbe hana tena askari." Mwanafunzi akachukua ufutio. Nikamzuia. Chora mstari mmoja juu ya neno la kwanza, andika la pili pembeni pamoja na tarehe, yote mawili yasomeke.