Saitokini za mtihani: anza na kidonda, jedwali baadaye

Wengi wenu mwaniambia mmekariri jedwali la saitokini, zile protini ambazo seli za kinga hupelekeana kama ishara, usiku kucha, asubuhi halipo kichwani. Nalijua hilo; nilianguka somo la kinga mara ya kwanza kwa sababu hiyo hiyo. Kilichonifungua macho ni mguu wa mjomba wangu, fundi wa majahazi huko Matondoni, aliyekanyaga msumari.

Hatua ya 1. Chora unyayo. Bakteria wameingia, makrofaji (seli ya kinga imezayo vijidudu) iliyo pale ngozini imewatambua, inatoa ishara tatu kuu: TNF-alfa, IL-1 na IL-6 (IL ni kifupi cha interleukini). Kwa kila ishara uliza: nani kaituma, nani ana kipokezi chake (mahali pa kuipokelea), na akiipata afanya nini? Siwa ya Lamu, lile baragumu kubwa, ikilia husikiwa na kila mtu, lakini huinuka yule aliyeitwa. Seli isiyo na kipokezi haiitiki.

Hatua ya 2. Fuata kila ishara hadi mwisho wa safari yake. Hapa msiharakishe, maana ndipo maswali yatokapo. TNF na IL-1 huifanya mishipa midogo inate kwa ndani, IL-8, nayo pia ya makrofaji, huziita neutrofili, chembe nyeupe za damu, nazo hushika ukuta na kupenya: usaha wa manjano tulioukamua siku ya tatu ndio huo. IL-1 hufikisha habari ubongoni, prostaglandini E2, kemikali ipandishayo joto la mwili, hupanda, homa ikaja. Parasetamoli huzuia hiyo prostaglandini. IL-1 yenyewe haiigusi. IL-6 huenda kwenye ini, nalo likatoa CRP, protini inayopimwa maabara kuonyesha uvimbe mwilini.

Hatua ya 3. IL-1 hadi 5 zihesabu vidoleni. Gumba, IL-1, ni homa. Cha shahada huinuliwa kwenye attahiyatu, neno lililojaa T: IL-2 hukuza seli T, aina ya chembe nyeupe za kinga. Cha kati kina mfupa mrefu: IL-3, uboho. Cha pete, neno lenye E mbili: IL-4, kingamwili IgE, ile ya mzio. Cha mwisho ni chembamba kama mnyoo: IL-5, eosinofili, chembe nyeupe zipiganazo na minyoo, pamoja na kingamwili IgA.

Maswali ya wanachama

— Mwalimu, shikamoo. IL-10 na IL-12 zanichanganya kila siku.
Marahaba. Ya 10 hutuliza. Ya 12 huchochea: hutoka kwa makrofaji na seli za dendriti (zionyeshazo seli T vijidudu), huziamsha seli T na NK (seli ziuazo zilizoambukizwa) zitoe saitokini iitwayo interferoni gama, nayo hurudi kuipa makrofaji nguvu ya kuua ilichomeza.

— Kwa nini mgonjwa wa baridi yabisi apimwe kifua kikuu kabla ya kupewa infliksimabu?
Swali zuri sana, na hutahiniwa mno. Dawa hiyo huzuia TNF. TNF ndiyo inayozishikanisha makrofaji kuwazingira bakteria wa kifua kikuu waliolala mapafuni. Ukiiondoa, ngome hubomoka na ugonjwa huamka.

— Interferoni zote ni kitu kimoja?
La, dada. Alick Isaacs na Jean Lindenmann walipoitambua interferoni London mwaka 1957, walikuwa wakichunguza virusi. Alfa na beta hutolewa na seli iliyoingiwa na virusi ili kuzionya jirani zake. Gama ni hiyo niliyoitaja juu.

— Na mjomba, homa ilipompanda hamkuogopa pepopunda?
Tuliogopa. Homa na usaha vilionyesha kinga inafanya kazi, lakini sumu ya pepopunda haingojei saitokini. Alichomwa sindano siku ile ile ya msumari, kabla mguu haujavimba.