Goti jipya: linyooke kwanza, kupinda kutafuata

Mtu akirudi nyumbani na goti la bandia, wageni wote huja na swali moja: "Linapinda?" Huku kwetu ambako watu hukaa mkekani na kukuna nazi juu ya mbuzi, huwezi kuwalaumu. Lakini kinachopotea upesi na kurudi kwa taabu ni kunyooka. Goti lililobaki limepinda hata nyuzi 10 humfanya mtu achechemee, na paja huchoka kabla hajafika dukani. Mara nyingi chanzo ni huruma ya wauguzaji: mto uliowekwa chini ya goti ili mgonjwa alale vizuri. Uondoeni. Wekeni taulo lililokunjwa chini ya kisigino, goti libaki hewani, dakika 5 hadi 10, mara tatu au nne kwa siku. Kisha mgonjwa alale chali pahala pagumu mpime kwa kiganja. Kikipenya chini ya goti kuliko kinavyopenya chini ya la pili, kazi bado ipo.

Mazoezi mengine ya wiki za mwanzo hayahitaji mashine. Chezesha nyayo juu na chini mara 10 kila saa uliyo macho, damu isilale miguuni. Kaza msuli wa paja ukilikandamiza goti kitandani, hesabu hadi 5, achia. Mara 10, vipindi vitatu kwa siku. Halafu kukunja: pitisha kanga chini ya unyayo, shika ncha zake, vuta kisigino taratibu kuelekea makalio. Shuka likikwamisha, weka sinia chini ya kisigino, kitateleza. Ukikaa kwenye kiti, rudisha unyayo nyuma uwezavyo na utie alama ya chaki sakafuni. Alama hiyo ikikaa palepale wiki nzima, mwone mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Kwa kawaida goti hufika nyuzi 90 kati ya wiki ya pili na ya sita, na 110 au zaidi kufikia mwezi wa tatu.

Maumivu wakati wa zoezi si balaa. Kipimo ni asubuhi ya pili: goti likiamka limevimba kuliko jana, punguza idadi nusu, usiache kabisa. Maji yakijaa ndani ya goti, msuli wa paja hukataa kukaza, na hapo kulazimisha hakusaidii. Barafu iliyofungwa ndani ya kitambaa, dakika 15 hadi 20, hufaa kuliko kukandwa maji ya moto. Panadoli imezwe nusu saa kabla ya zoezi, kwa kiasi alichoandika daktari. Diklofenaki ya duka la dawa usijiongezee, hasa kama unatumia dawa ya kuzuia damu kuganda. Mbili hizo pamoja zinaweza kutoa damu tumboni.

Je, uende hospitali kwa mazoezi au ubaki nyumbani? Tafiti zilizolinganisha njia hizo zimeona kwamba wagonjwa wengi wanaofuata ratiba nyumbani, wakifuatiliwa na mtaalamu, hufika sawa na wanaokwenda kliniki. Kwa mtu wa Konde au Makunduchi hili ni jambo kubwa, maana safari ndefu ya daladala goti likiwa limebanwa huweza kulivimbisha kuliko faida ya zoezi lenyewe. Rai yetu: mtaalamu akuone mwanzoni akufundishe, kisha akupime kila wiki mbili. Kliniki ya mara kwa mara imfae ambaye kipimo hakisogei, anayeogopa kukanyaga, au asiye na mtu wa kumsimamia. Mashine inayokunja goti yenyewe usiilipie. Faida yake ni ndogo mno.

Nyumba nayo itengenezwe kabla ya upasuaji. Choo cha kuchuchumaa kiwekewe kiti imara kilichotobolewa katikati, miguu yake isiteleze kwenye saruji yenye maji. Bakora hushikwa mkono wa upande wa mguu mzima. Kwenye ngazi, mguu mzima hutangulia kupanda, wenye goti jipya hutangulia kushuka. Na zile ngazi za Mji Mkongwe zilizosimama wima, afadhali mgonjwa ahamie chini kwa mwezi wa kwanza. Sala iwe kitini, ruhusa ipo. Kikao cha tahiyatu hutaka goti lipinde mno, na magoti mengi ya bandia huishia nyuzi 110 hadi 125, kwa hiyo wengi hubaki na kiti chao daima.

Tumefika kwa mkandaji. Paja linaweza kuchuliwa kwa mafuta kidonda kikishafunga kabisa na daktari akiridhia. Kulivunja goti kwa nguvu ili "lifunguke", hapana. Na shavu la mguu lililovimba, gumu, lenye kuuma lisiguswe na mkono wa mtu: huenda ni damu iliyoganda, na bonge likipanda kifuani huua. Vimbe hilo, pumzi kukata au kifua kuuma ni safari ya hospitali saa hiyohiyo. Aliye Pemba asingoje boti ya asubuhi kwenda Unguja. Aanze na hospitali iliyo karibu. Kidonda kinachotoa usaha, au homa ya 38 na zaidi, nacho kionwe siku hiyohiyo.